Nilivyojifunza kusikiliza Larks' Tongues in Aspic nikiwa Ngarenaro, na mambo ya kuangalia kama na wewe unataka kujaribu

Naandika hii kwa ajili ya yule mtu ambae kasikia watu wanasifia roki ya progresivu, yani ile roki ya nyimbo ndefu zinazochanganya mitindo, akafungua albamu moja, dakika ya pili akazima akasema hawa jamaa wamechanganyikiwa. Usikate tamaa haraka hivo. Albamu nayoiongelea hapa ni Larks' Tongues in Aspic ya King Crimson, bendi ya Uingereza, ilitoka Machi 1973, ina nyimbo sita, jumla kama dakika 46 hivi, na nusu ya hizo nyimbo hazina maneno kabisa. Ndani yake kuna roki nzito, kuna jazi, kuna vayolini ya kizungu ya kumbi za wakubwa, kuna ngoma, kuna kelele za vyuma, vyote humo humo. Imenigharimu bando, imenigharimu hela ya hedifoni, na maneno na mpangaji mwenzangu, ila saivi sina albamu nayoipenda kuizidi.

Mimi ni fundi redio hapa Ngarenaro, Arusha, ampli, sabufa, deki, spika zilizochanika koni, kazi zangu ndo hizo. Kuna mzee mmoja mstaafu anakaa Njiro aliniletea ampli yake ya zamani ya Kijapani, upande wa kushoto hautoi na kitufe cha sauti kinakwaruza ukizungusha. Nikabadilisha kapasita, nikasafisha, ikakaa sawa. Alivyokuja kuchukua nikamuamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu, imepona?" Nikamwambia imepona, sikiliza mwenyewe, nikaweka bongo fleva moja ina besi ya kufa mtu. Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo inapiga hata kwenye ndoo. Weka hii," akatoa CD kwenye mfuko wa koti.

Nikaweka. Kimya. Namba zinatembea kwenye deki ila hakuna kitu, nikajua upande wa kushoto umezima tena. Nikasogeza sikio mpaka kwenye spika ndo nikasikia kwa mbaaali kitu kinagongwa, ting ting ting, limba jamani, limba kabisa ya kupiga kwa vidole gumba, na vikengele vidogo vidogo nyuma yake. Nikapeleka mkono niongeze sauti, mzee akanishika kiganja. "Usiguse." Tukakaa hivo, limba linazunguka, watu wanapita nje, boda zinapiga honi, afu ikaingia vayolini inakwangua noti fupi fupi, inakaza, inakaza, inakaza, na karibu na dakika ya nne gitaa likashuka na dramu zote kwa mara moja mpaka koni za spika nikaziona zinaruka. Ningekua nimeongeza sauti pale mwanzo spika za mzee zingeungua mbele ya macho yangu na ningezilipa.

Kwahiyo cha kwanza kabisa, na hiki naomba ukishike: anza na sauti ya kawaida na usiiguse mpaka wimbo wa kwanza uishe. Rekodi nyingi tunazosikiliza siku hizi zimebanwa, yani sehemu ya kimya na sehemu ya kelele ziko karibu sawa, ndo maana zinasikika vizuri kwenye daladala. Hii ya 1973 haijabanwa hivo. Wameacha kimya kiwe kimya kweli na kishindo kiwe kishindo kweli, na umbali kati ya hivo viwili ndo wimbo wenyewe. Ukiweka hedifoni masikioni ukapandisha sauti ili usikie limba vizuri, unaumiza masikio, na sizungumzii mfano, utaumia kweli.

Mzee akaniachia ile CD nikae nayo. Akanisimulia historia kidogo na mengine nikaja kuyasoma mwenyewe. King Crimson ilitoa albamu yake ya kwanza Oktoba 1969, afu wanamuziki wakawa wanatoka wanaingia, aliebaki mda wote ni mpiga gitaa Robert Fripp, huyu hupiga amekaa kwenye kiti. Mwaka 1972 akakusanya watu wapya: John Wetton besi na kuimba, David Cross vayolini, Bill Bruford dramu, na Jamie Muir kwenye vitu vya kugonga. Huyo Bruford alikua Yes, bendi iliyokua inapaa wakati huo, wametoka kurekodi Close to the Edge ambayo wengi mpaka leo wanaiweka juu kabisa kwenye muziki huu, na yeye akaondoka akaenda kwa Fripp kwa sababu alitaka kujifunza zaidi. Mimi hilo lilinigusa sana. Mtu anaacha hela iliyoiva anaenda kuanza upya, kwa ajili ya muziki tu.

Na Jamie Muir ndo aliyenikamata kabisa. Ndo anaepiga lile limba la mwanzo. Zaidi ya ngoma alikua na minyororo, mabati, vifaa vya kuchezea watoto, vitu ambavyo hapa kwetu tungevipeleka skrepa tupate hela ya chai, na kila kimoja kakipangia mahali pake kwenye wimbo. Mimi nashinda na vyuma na masanduku matupu ya spika, najua kila sanduku lina mlio wake ukiligonga, sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kukaa akausikiliza mlio huo kwa heshima kiasi kile. Hata albamu haijatoka Muir akaacha bendi, akaenda kwenye monasteri ya Wabudha Scotland. Amefariki 2025. Albamu hii moja tu ndo aliyoifanya nao studio.

Sasa tuje kwenye vifaa maana hapa ndo watu wengi wanapotezea. Usisikilize hii kwenye sabufa. Najua naongea kama fundi na sabufa ndo zinanilisha, ila ukweli ni kwamba sabufa nyingi za sokoni zimetengenezwa kunyanyua besi ya chini na vile vimlio vya juu, katikati pamezama. Limba liko katikati. Vayolini iko katikati. Sauti ya Wetton akiimba iko katikati. Kwahiyo unabaki na mvumo wa chini na sahani za dramu za juu, unaona hawa watu wanapiga fujo. Nilikua na sabufa nyumbani, nikaweka wimbo wa kwanza, mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, "Baba Neema, hiyo ni nyimbo au kabati la vyombo limeanguka?" Na alikua sahihi, kwa kile kilichokua kinatoka pale ni hicho hicho kinasikika. Spika ya simu nayo ni tatizo la upande mwingine, besi yote inapotea, na besi ya Wetton kwenye albamu hii ni nzito na chafu kwa makusudi, ndo inayoshikilia kila kitu kisimwagike.

Nenda na hedifoni za waya zinazofunika sikio lote. Za elfu kumi na tano za barabarani nilizipata, zinang'aa, zimeandikwa besi kubwa, ukizifungua ndani ni kispika kidogo na kipande cha chuma cha uzito tu. Nikaja kupata zilizotumika kwa elfu arobaini, pedi zimechanika, nikamuomba mke wangu anishonee pedi za kitambaa cha fulana na sponji ndani. Hizo ndo natumia mpaka leo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuwekee wimbo wowote wenye ngoma inayohama kutoka kushoto kwenda kulia, afu ukibadilisha hedifoni upande isikike imegeuka. Kama haihami, hizo zimeunganishwa upande mmoja, ziache.

Bando sasa. Dakika 46 kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde ni kama MB 110. Ukiirudia kila siku kwa kustrimu utalia, na ukiifungua kama video ndo usiseme. Ishushe mara moja usiku kwenye ofa, au tafuta CD. Programu za bure mimi siwezi kuzishauri kwa albamu ya namna hii, kuna moja ilinichanganyia mpangilio wa nyimbo, afu katikati kabisa, gitaa linakaribia kulipuka, likaingia tangazo la mkopo wa simu, yani nilihisi kutukanwa.

Mpangilio una maana sana hapa. Wimbo wa tano, The Talking Drum, na wa sita, Larks' Tongues in Aspic Part Two, vimeshikana. Wa tano unaanza na upepo tu, ngoma ndogo ndogo kwa mbali, besi inaingia inarudia kitu kile kile bila kuchoka, vayolini inapanda juu yake, gitaa linapanda juu ya vayolini, dakika saba nzima kitu kimoja kinakua, mwisho mlio mkali wa kukwaruza unafika mahali huwezi kuvumilia tena, na hapo hapo bila hata pumzi moja wa sita unashuka na rifu zito, yani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa rudiwa. Kama deki yako au programu yako inaacha sekunde mbili za kimya kati ya faili na faili, umekatwa pale pale penye utamu. Ingia kwenye mipangilio, washa ile ya kuunganisha nyimbo bila nafasi, na ile ya kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine izime.

Na hizo mbili za mwisho ndo zilizonifungulia mlango, nikaja kuelewa kwanini. Baba yangu alikua mtu wa dansi, na dansi la zamani halina haraka, wimbo unaanza pole pole, mwimbaji anaeleza mambo yake beti baada ya beti, magitaa yanajibizana, na chemko linakuja mbele huko, wote mnajua linakuja na mnalisubiri. Masikio ya kusubiri tunayo tayari. Tena ngoma za kwetu ndo zaidi, kitu kinarudiwa mpaka kinakuingia mwilini. Kwahiyo ushauri wangu, na wapenzi wakubwa wa muziki huu wanaweza wasikubali: anza na wa tano na wa sita kwa pamoja, ukae nazo mpaka uzizoee, afu ndo urudi mwanzo uisikilize albamu nzima kwa mpangilio wake. Wimbo wa kwanza una zaidi ya dakika 13 na unabadilika mara nyingi, ukianza nao bila mwenyeji utapotea.

Part Two ilinitesa mguu. Najaribu kugonga mguu, unakwama, najaribu tena, unakwama, nikaanza kuhisi wao ndo wanakosea. Kuna chalii mmoja anapiga dramu kanisani kwetu, nikampa upande mmoja wa hedifoni, akasikiliza amefumba macho, akacheka. "Kaka, acha kuhesabu nne. Hesabu tano." Nikahesabu moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano, kwa vidole vya mkono mmoja, na rifu lote likakaa mahali pake. Haliendi kwa tano mwanzo mwisho, kuna mahali linaongeza kitu linakuyumbisha, ila ukishaishika ile tano unajua umeyumbia wapi na unarudi wapi. Yule dogo saivi anajaribu kufundisha kwaya ya vijana pambio la kupiga tano, mchungaji hajatoa neno bado.

Kuna suala la hisia pia, na silifichi. Wimbo wa kwanza uliniogopesha. Usiku, hedifoni masikioni, taa imezimwa, lile gitaa likishuka mwili unasisimka vibaya, na kuelekea mwisho zinasikika sauti za watu wanaongea kwa nyuma, maneno hayashikiki, vayolini inalia. Kama una mawazo mazito au una msiba wa karibu, usianzie hapo, nakwambia kabisa. Nenda Book of Saturday, ni dakika chini ya tatu, gitaa safi na kuimba kwa utulivu, na katikati kuna gitaa wamelirekodi wakaligeuza linasikika kinyume nyume, tamu ajabu. Au nenda Exiles.

Exiles ndo nimeipigia magoti. Inaanza na giza, sauti nzito nzito, afu vayolini inatoka humo ndani na wimbo mmoja wa taratibu mno, Wetton anaimba kuhusu mtu alieondoka kwao akaenda mbali. Maneno ya nyimbo zao hizi aliandika Richard Palmer-James, huyu ni mmoja wa walioanzisha Supertramp, bendi nyingine ya Uingereza. Kaka yangu wa kwanza kuzaliwa aliondoka kwenda Afrika Kusini mimi niko darasa la tano, alikua anapiga simu Krismasi, baadae hata hizo simu zikakoma. Nimesikiliza nyimbo nyingi za Kiswahili na za kanisani zinazoongelea watu walioondoka, na nazipenda, lakini hii ndo iliyonikalisha kwenye ndoo pale uani nikalia mpaka nikamaliza. Sikua hata nayaelewa maneno yote ya Kiingereza wakati huo. Ilikua vayolini.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, amekulia kwenye taarabu, alikuja kutusalimia nikamuwekea Exiles pale sebuleni kwenye spika za kawaida, sauti ya chini. Nyimbo zingine sikumuwekea kwa sababu ya heshima. Akasikiliza mpaka mwisho ameshika kikombe, akasema, "Huyo wa fidla kafundwa." Akaomba irudiwe. Tangu siku hiyo naona kuna mlango kwa kila mtu kwenye albamu hii, ila mlango wa mama mkwe na wa chalii wa dramu ni tofauti, usimlazimishe mtu apite kwa mlango wako. Mpangaji mwenzangu nilimlazimisha kupitia ukuta, saa nne usiku, tukafikishana kwa mwenye nyumba.

Niseme na hili maana kuna watu wanasema huu ni muziki wa wazungu, utatupeleka wapi. Kwanza sisi Arusha tunaongea nini kuhusu kuchanganya mitindo, kundi la hapa la X Plastaz walichukua uimbaji wa Kimaasai wakauweka ndani ya rap, albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatoka 2004 ikasikika mpaka Ulaya, na wakati wanaanza kuna watu waliwaona hawaeleweki. Pili, lile limba. Kwa Wagogo kule Dodoma limba ni kitu cha nyumbani, na mwanamuziki wao Hukwe Zawose alilizungusha dunia nzima mpaka anafariki 2003. Albamu yake ya Chibite ya 1996 ilitoka na lebo ya Real World ya Peter Gabriel, na Peter Gabriel huyo ndo alikua mwimbaji wa Genesis mpaka 1975, bendi ya roki ya progresivu hiyo hiyo. Kwahiyo hawa watu walishakuja kutusikiliza siku nyingi. Mimi nilipomaliza kuizoea King Crimson nilirudi kwa Zawose, nikakuta nasikia vitu ambavyo zamani vilinipita, jinsi limba lake linavyokua na kile kimlio cha msisimko pembeni ya kila noti, jinsi sauti yake inavyopanda ikashuka bila kukimbilia popote. Masikio ni yale yale, ila yalikua yamefunguka.

Niliyoyaweza mimi ni haya: sikuweka albamu nikiwa kazini, maana mkono unashika chuma cha kuchomea na akili iko kwenye vayolini, utaunguza bodi ya mtu. Sikuweka kwenye boda. Niliweka usiku watoto wamelala, simu kwenye hali ya ndege, chaji imejaa, maana umeme ukikatika dakika ya 30 unarudi mwanzo. Ukichoka, acha, kunywa chai, rudi kesho. Easy Money ilinichukua mda mrefu kuliko zote, ile milio ya ajabu Muir anayoipiga nyuma niliona inaharibu wimbo mzuri, mpaka siku moja nikaifuata hiyo milio peke yake toka mwanzo mpaka kwenye kile kicheko cha mwisho na kumwacha mwimbaji aende zake, nikakuta kumbe kuna wimbo wa pili umefichwa mule ndani.

CD nilimrudishia mzee Njiro, nikamkuta kaweka ampli sebuleni, spika ziko mbali na ukuta, tukasikiliza Part One, ule wimbo wa kwanza, pamoja na mara hii mimi ndo niliyekaa mbali na kitufe. Kanipa nyingine, Red ya 1974, wamebaki watatu tu, Fripp, Wetton na Bruford, na wimbo wa mwisho Starless una dakika 12. Ndo naanza nao. Mpaka sasa nimeshagundua kuna sehemu katikati gitaa linapiga noti moja moja kwa mda mrefu sana, linapanda kidogo kidogo, na yule chalii wa dramu anasema pale wanahesabu kumi na tatu.